Jurnali ya Mwanafunzi Isomwe Kwanza

Direktrisi mpya wa masomo, msimamizi wa walimu aliyenirithi kiti, aliniomba nimwachie vitu viwili: funguo za kabati na mashauri. Funguo nilimpa siku ileile. Mashauri nimechelewa nayo miezi mitatu, kwa sababu kila nikikaa kuandika ninakumbuka watu, na mashauri yanakimbia. Basi nimeamua kuandika hao watu. Yeye na nyinyi walimu vijana, ambao bado mnafuta chaki kwa mkono wa shati, mtachukua humo kinachowafaa.

Kwa asiye wa kazi hii, nieleze kwanza karatasi zetu. Mwanzoni mwa mwaka kila mwalimu anaandika previzioni, yaani orodha ya mada zote atakazofundisha, wiki kwa wiki. Kila siku anaandika kwenye jurnali yake alichofundisha kweli. Mwanafunzi naye ana jurnali yake, daftari dogo lenye mistari ya masomo yote, ambamo anaandika kila saa alichojifunza, na mzazi anatia sahihi mwisho wa wiki. Saa isiyokuwa na mwalimu, mwanafunzi anatakiwa kuandika neno moja la Kifaransa, neant, maana yake hakuna kitu. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuangalia kama karatasi hizo tatu zinakubaliana. Siku zikikubaliana kabisa, angalia tena.

Nilianza kama mwalimu wa biolojia katika shule yetu hiihii ya sekondari ya Uvira, iliyo chini ya barabara kubwa, upande wa ziwa. Siku ya kwanza niliingia darasa la tatu nikiwa na vipande viwili vya chaki, ambavyo vilikuwa vya wiki nzima, na sketi niliyoazima kwa dada yangu. Nilikuwa mfupi na mwembamba. Kijana mmoja wa benchi la nyuma aliniangalia kwa huruma akauliza, “Weye uko mwalimu ao mwanafunzi mupya?” Darasa zima lilicheka. Nilimwambia aje ubaoni achore figo, akachora kitu kinachofanana na kiatu, tukaheshimiana tangu hapo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lukogo, aliyekuwa direkta wa masomo wakati ule. Alikuwa mtu mkavu, wa maneno machache, anayekata chaki kwa wembe ili kila mwalimu apate sawa na mwenzake. Alikuwa na desturi moja iliyotukera wote. Akiingia darasani kukagua, hasalimii mwalimu. Anakwenda moja kwa moja benchi la nyuma, anachukua jurnali ya mwanafunzi yeyote, anasoma akiwa amesimama. Akimaliza ndipo anasema bonjour na kuomba ile ya mwalimu.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na akili nyingi za kijinga. Niliona kwamba kuandika jurnali kila siku kunachosha, nikawa naandika wiki nzima Jumatatu asubuhi, kwa mwandiko mzuri na rangi mbili. Wiki moja mto wa karibu ulifurika usiku wa Jumanne, na Jumatano shule haikufunguliwa. Hata mlinzi hakufika. Alhamisi Mzee Lukogo akaja. Alisoma jurnali ya msichana mmoja wa nyuma, akaja kwangu, akasoma yangu. Nilikuwa nimeandika kwa Jumatano: kupasua chura, wanafunzi wameona moyo ukipiga.

“Madame,” akasema polepole, mbele ya watoto, “huyu chura mulimupasua mu maji?”

Niliona aibu hadi nikatamani sakafu ipasuke. Baadaye ofisini hakunigombeza. Alinipa kalamu, akaniambia nifute Jumatano na kuandika ukweli, kisha akasema neno ambalo niliwarudishia walimu wangu wote: “Minye siko natafuta makosa yako. Niko natafuta kujua batoto bako na nini mu kichwa.” Alistaafu miaka sita baadaye akarudi Luvungi kulima.

Namna nilivyokuja kukalia kiti chake si habari ya kumfurahisha mtu, tuiruke. Niseme vyombo vyangu. Nilikuwa na kalamu nyekundu, rula ndefu ya mbao, na karatasi. Kila muhula nilibandika ukutani karatasi kubwa, niliyoiunganisha kwa gundi ya unga wa muhogo, na juu yake nilichora madarasa yote kuanzia juu kwenda chini, na masomo yote kutoka kushoto kwenda kulia. Katika kila kijumba niliandika kwa ufupi kile watoto wanachojifunza muhula huo. Walimu waliiita shuka la Direktrisi. Wacheke tu, lakini wengi walikuwa wanapita kulichungulia.

Shuka hilo lilinipa furaha ambayo sijawahi kumweleza mtu vizuri. Nilisimama mbele yake na kuona kwamba, wakati mwalimu wa jiografia anaeleza namna ardhi yetu ilivyopasuka ikazaa ziwa hili, mwalimu wa Kifaransa anawaandikisha insha juu ya kuhama nyumba, na mwalimu wa kemia, mama mmoja mkali, anawapikisha darasa la tano sabuni ya mafuta ya mawese nyuma ya vyoo. Sabuni ya kwanza ilitoka laini kama uji. Ya tatu ilikuwa sabuni kweli, na mama wa jirani walikuja kuuliza kama shule imefungua duka.

Siku moja alikuja mvuvi mmoja, tunayemwita Baba Furaha kwa jina la binti yake aliyekuwa darasa la tano, upande wa sayansi. Alivaa koti zito mchana kweupe, koti la kwendea ofisi.

“Mama Direktrisi,” akasema, “binti yangu iko anachora mbaazi kila jioni. Mbaazi ya kijani, mbaazi ya manjano. Minye niliuliza: ku masomo bako banafundisha kulima?”

Nilimpeleka mbele ya shuka. Hakujua Kifaransa, kwa hiyo nilimsomea mstari wa darasa la binti yake, kijumba baada ya kijumba, na kumweleza. Mbaazi ni za kujua kwa nini mtoto anafanana na bibi yake. Katika hesabu wanatafuta namna kitu kinavyoongezeka upesi au polepole. Katika historia wako kwenye wazungu waliokaa mezani na kugawana nchi wasizozijua. Katika fizikia wanapima nguvu ya maji, ile inayoshikilia mtumbwi wake usizame. Hapo alitikisa kichwa kama mtu aliyetajwa jina. Nilipofika mwisho alikuwa amevua kofia.

“Byote bile mu kichwa moja?”

“Vyote, Baba.”

Kisha akaniambia jambo jingine, kwa sauti ya chini. Samaki walikuwa wamepungua, watoto nyumbani ni saba. “Atasoma mpaka mwaka wa sita. Minye nguvu yangu inaishia pale. Apate diploma, asipate, sitaweza kurudilia mwaka.” Nilimsindikiza hadi barabarani.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu, na humo ndimo nilipokosea mwenyewe. Ilikuwa mwaka uliofuata, ziwa lilipopanda. Nyinyi mliokuwapo mnajua: maji hayakuja kwa kelele, yalisogea tu kila wiki, yakachukua bustani, yakachukua uwanja wa mpira. Tulikuwa tunapima kwa macho na kusema bado. Mwisho wa wiki moja upepo ukageuka, na Jumatatu asubuhi tulikuta maji ofisini hadi magotini. Milango ya kabati ilikuwa imevimba. Jurnali za walimu wote na madaftari ya alama vilikuwa vimeloana na kushikamana kama ugali wa fufu. Shuka langu lilibaki ukutani nusu. Juu, darasa la kwanza hadi la nne, lilikuwa kavu. Chini, la tano na la sita, palikuwa na wino wa buluu unaotiririka.

Na inspekta, mkaguzi wa shule wa Serikali, alikuwa anakuja Jumanne ya wiki inayofuata. Hakuwa anakuja kutusalimia. Alikuwa anakuja kuona kama darasa letu la sita linastahili kupelekwa kwenye mtihani wa Serikali, ule tunaouita exetat, ambao bila huo hakuna diploma. Anaangalia kama mada zimefundishwa, na anaangalia kwenye jurnali. Asiporidhika, wanafunzi wetu thelathini na mmoja hawaandikishwi mwaka huo. Furaha alikuwa mmoja wao, na nilijua baba yake alishasema nini.

Prefe wetu, mkuu wa shule, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na nyumba yake ilikuwa majini vilevile. Alitukusanya kwenye darasa lililokuwa kavu. Mkononi alikuwa na previzioni, nakala zilizokuwa kwake nyumbani juu ya kabati. “Kopyeni hii mu jurnali mupya,” akasema. “Kila kitu kilichoandikwa ‘kitafundishwa’, andikeni ‘kilifundishwa’. Tutamaliza kesho.”

Nilisema tungoje. Niliwatuma wanafunzi wa darasa la sita warudi nyumbani kuleta jurnali zao, zilizo hai na zilizokufa. Zilirudi ishirini na mbili. Nyingine zilikuwa zimelowa, tukazianika kwenye mabati huku mmoja akifukuza mbuzi. Kisha tukakaa, mimi nasoma kwa sauti, kila mwalimu anaandika upya jurnali yake kutoka kwa watoto wake.

Sijawahi kuwa na siku nzuri kama ile katika maji machafu kama yale. Nilisoma: kemia, jamii ya pombe na namna ndizi inavyogeuka kasiksi, ile pombe ya kwetu. Biolojia, kwa nini damu ya mtu fulani inakataa damu ya mwingine. Filozofia, je, mtu yuko huru? Mwalimu wa filozofia akainuka akasema somo lile lilikwenda saa tatu badala ya moja, kwa sababu vijana walikataa kutoka. Hesabu, Kiingereza, haki za raia, yote yalikuwa pale, kwa miandiko mibaya ya watoto wenye haraka. Tulikuwa tumefundisha. Shule ile ya mabati na madirisha yasiyo na vioo ilikuwa imefundisha kweli, na nilijivuna hadi nikasahau kwamba miguu yangu imelowa.

Halafu nikafika fizikia. Jurnali tano za kwanza zilikuwa na nafasi nyeupe. Nyingine ziliandika marudio, marudio. Nikachukua ya Furaha, ambaye hakuacha mstari hata mmoja wazi tangu mwaka wa kwanza. Mwezi mzima na wiki moja juu yake, kwa herufi ndogo zilizonyooka: neant. Neant. Neant. Sura nzima ya umeme haikuwapo.

Mwalimu wa fizikia alikuwa Bigirimana, kijana mwenye akili sana, mtu wa Luberizi, aliyekuwa anakuja kwa pikipiki. Miaka minne alikuwa akingoja jina lake liingie kwenye orodha ya mishahara ya Serikali, na wakati anangoja alikuwa anaishi kwa mpunga wake. Mpunga ulipoiva alikwenda kuvuna. Watu wote waligeuka kumwangalia. Mimi niliangalia meza. Kwa sababu jurnali yake, ile iliyooza kabatini, nilikuwa nimeiona kila Jumamosi. Ilikuwa imejaa umeme vizuri sana, na chini yake kulikuwa na sahihi yangu, nyekundu. Mwaka ule nilikuwa na mambo mengi, nikaona mwandiko safi, nikatia sahihi. Sikufungua jurnali ya mwanafunzi hata mara moja. Mimi, niliyepasua chura ndani ya mafuriko.

Prefe akafunga mlango. “Direktrisi, maji imetusaidia,” akasema. “Ile ya zamani haiko tena. Huyu mutoto aandike umeme pale kwenye neant, tuendelee. Unataka batoto bote bakose exetat?”

Furaha alikuwa amesimama kando, akingoja jurnali yake. Prefe akamgeukia, akampa kalamu. Msichana yule hakuwa na ujeuri hata kidogo. Aliishika kalamu kwa mikono miwili.

“Prefe, minye nitaandika kama munaniamuru,” akasema. “Lakini siku ya exetat, ni hii karatasi njo itajibu, ao ni minye?”

Niliogopa, nawaambia ukweli. Niliona wazi kwamba tukisema ukweli huenda mtoto yule akakosa mwaka wake wa mwisho kwa sababu ya sahihi yangu. Nikasema hata hivyo kwamba neant zitabaki, na kwamba mbele ya inspekta nitaeleza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyetia sahihi bila kuangalia. Bigirimana akasimama.

“Zibakie. Ni zangu,” akasema. “Minye niko tayari kufundisha kila siku, hata mangaribi. Lakini mupunga ingine iko bado mu shamba, ndege bako banakula. Nikiiacha, ku nyumba yangu tutakula nini?”

“Inabakia siku ngapi, Mwalimu?” Furaha akauliza.

“Siku kumi, kama niko peke yangu.”

“Na kama tuko batu thelathini na moja?”

Ndiyo hesabu iliyotuokoa, na hakuifundishwa na mtu. Bigirimana alikataa. Alisema mwalimu hawezi kuvunisha wanafunzi wake kama vibarua, na mimi nilikuwa upande wake. Nimeona shule ambako watoto wanalima shamba la mkubwa na kuandika kwenye jurnali somo la kazi za mikono. Furaha akasema hawamsaidii mwalimu, wanachukua somo lao lililobaki shambani. Nikaweka sharti: aende anayetaka, mzazi akubali, na mimi niwepo. Jumamosi walifika wote, na wazazi kumi juu yake. Baba Furaha alikuja bila koti.

Mkono wangu haukujua mundu. Saa ya kwanza nilipata malengelenge matatu, na mwalimu wa filozofia alikata kidogo sana, akisema anaokoa nguvu kwa ajili ya kufikiri. Jua la tambarare ya Ruzizi halina adabu. Mchana, wakati wa kupumzika, Bigirimana aliifungua betri ya pikipiki yake, akaiweka juu ya turubai katikati ya mpunga, akatoa nyaya na taa mbili ndogo. Akaunganisha taa zote kwenye njia moja, zikawaka kwa unyonge. Akazifungia kila moja njia yake, zikawaka vizuri. Akauliza kwa nini. Wavulana wakabishana, Furaha akachora mchangani. Wazazi walikuwa wamesogea na miundu yao. Baba Furaha akauliza kama ndiyo sababu nyumbani kwa jirani taa moja ikifa nyingine zinafuata, na Bigirimana akamjibu kwa dakika kumi, kwa heshima, kama anajibu mwanafunzi.

Kufikia jioni shamba lilikuwa limekwisha. Jumatatu Bigirimana alianza kufundisha saa saba mchana hadi jua kuzama, kila siku.

Inspekta alikuja Jumanne, mwanamke mwenye miwani na buti za mpira, kwa kuwa maji yalikuwa bado yapo. Alisoma muda mrefu. Niliungama mbele yake, prefe akikohoa. Aliita wanafunzi sita, akawauliza damu, akawauliza pombe, akawauliza uhuru wa mtu, wakajibu mpaka akavua miwani. Akauliza umeme. Furaha akasema, “Madame Inspekta, tumeanza. Tuko na masaa sita. Bado hatujamaliza.” Inspekta akaandika kitu. Akasema atarudi baada ya wiki tatu, na kwamba siku hiyo atauliza fizikia peke yake.

Wiki tatu zile sikulala vizuri hata siku moja. Kila saa saba na nusu nilikwenda benchi la nyuma, nikafungua jurnali ya mwanafunzi, nikasoma nikiwa nimesimama. Aliporudi, inspekta alikaa nao asubuhi nzima na mlango umefungwa. Alipotoka alitia sahihi, akasema tu kwamba maji yamepungua kidogo. Wanafunzi thelathini na mmoja wakaandikishwa.

Siku ya mtihani wa sayansi tulingoja nje ya kituo, kwenye vumbi, mimi, prefe, na walimu wanne. Bigirimana alisimama mbali na sisi, karibu na pikipiki yake, kwa sababu tangu ile Jumatatu ya kusoma jurnali alikuwa anaona haya kukaa karibu nasi. Watoto wakaanza kutoka, wengine wanacheka, mmoja analia. Furaha akatoka katikati yao. Alipita mbele ya prefe. Alipita mbele yangu, na sikujali. Alikwenda hadi kwenye pikipiki akasimama wima, kama vile anavyosimama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

“Mwalimu,” akasema, “umeme imetoka. Maulizo ine. Yote ine tulikuwa tunayajua.”

Bigirimana aligeuka akashika usukani wa pikipiki kwa mikono miwili. Mimi nililia waziwazi, mbele ya walimu wangu na mbele ya watu wote wa barabara, na sikutafuta kitambaa.